Shikamoo ya Tangi la Puge

Puge, 22 Februari 2026

Dada yangu mpendwa Recheli,

Shikamoo dada. Mimi ni mzima, tena mzima wa kupita kiasi. Leo ni siku ya kumi na tano ya ndoa yangu na bado nikiamka namgusa Masolwa begani nihakikishe kwamba ni kweli. Ni kweli! Analala na kiganja chini ya shavu kama mtoto wa kwaya, akiamka ananiamkia "mwangaluka, mke wangu" kabla hajafungua macho vizuri. Dada, mimi nimepewa.

Mama mkwe ananidai hadithi ya tulivyokutana kila jioni, na kila jioni anacheka upya. Nikamwambia wewe, dada yangu wa ofisini, ndiye shahidi. Unakumbuka ulivyonisuta pale ofisini nilipokuwa naunganisha vipimo vya matangi na visima vya vijiji saba na kundi la mazungumzo, ili tangi likifika nusu au kisima kikishuka ujumbe ujitume wenyewe kwa mafundi wa pampu? Nilianza kila ujumbe na "Shikamoo wazee wetu." Ukasema, "Conso, mashine haisalimii." Nikasema mtu wa Tabora hapewi habari bila salamu, hata na mashine. Basi fundi mmoja tu, wa Puge, akawa anajibu kila siku: "Marahaba, ingawa mimi si mzee. Nimeona. Nawasha pampu." Miezi minne alidhani kuna mtu anaandika! Siku nilipomjibu kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo hadithi yote hii ikaanza.

Ila kuna mwiba humu ndani ya asali yangu, na sikufichi. Jumapili ya tangazo la kwanza la ndoa yetu kanisani, watu walinipongeza. Jumatatu yake Hilari akaniita. Meneja mzima, ameketi, mimi nimesimama. "Sasa una wa kukulisha. Kiti mpe mwenye shida." Miaka mitatu yangu katika Umoja wa Maji imeishia hapo. Sijamsamehe, na padri nimemwambia sijamsamehe.

Barua nampa Anselm, kondakta wa basi la Nzega. Usinijibu kwa simu. Simu yako ni ya ofisi na Hilari ana tabia ya kuiazima na kusoma.

Mdogo wako mwenye furaha,
Consolatha (sasa Mama Masolwa!)


Kanyenye, 3 Machi 2026

Conso,

Marahaba. Nimefurahi. Nimesoma mara mbili, ya pili nimeruka sehemu ya kiganja na shavu.

Nikupe habari za huku, ila kaa chini kwanza. Ulipoondoka Hilari alifuta "shikamoo" katika ujumbe wote, akasema ni maneno ya ziada. Kisha palipoandikwa mtumaji akaweka "Meneja Hilari". Kiungo chako kilikubali jina lolote, akaliweka lake. Mwezi uliopita wageni walikuja kutazama, akawaeleza alivyoutengeneza mfumo huo kwa mikono yake. Wakampa cheti cha ubunifu. Kimetundikwa juu ya kiti ulichokuwa unakalia.

Sasa sikia. Kampuni yenye programu ya mazungumzo imetangaza kwamba njia ile ya zamani ya kuunganisha inastaafishwa. Ikifika tarehe 30 Aprili viungo vyote vya zamani vinakufa. Lazima ujumbe uhamishiwe njia mpya. Hilari amelisoma tangazo hilo mara tatu akalikunja. Hajui vipimo vinaanzia wapi wala namba zake za siri ziko wapi. Unazijua wewe peke yako.

Na tarehe 9 Mei ni mkutano mkuu, wanachama wachague meneja wa miaka mitano. Risala yake nimeichapa mimi. Kurasa nne, mfumo umetajwa mara kumi na moja, wewe hujatajwa hata mara moja.

Ameniagiza nikuulize "kirafiki" hizo namba. Nimeuliza.

Recheli


Puge, 8 Machi 2026

Dada Recheli,

Shikamoo! Nimecheka hadi kuku wakakimbia. Mumewe wangu (nimeandika vibaya kwa furaha, mume wangu!) akauliza kuna nini, nikasema habari za mjini.

Mwambie Hilari sikumbuki. Mwambie ndoa imenisahaulisha kila kitu, nakumbuka kusonga ugali tu. Namba zipo, dada, nimeziandika kwenye daftari langu la kidato cha nne nyuma ya mashairi, na daftari liko chini ya godoro la ndoa. Acha tarehe 30 ifike. Vijiji saba vinyamaze. Tarehe 9 Mei asimame mbele ya wanachama na cheti chake, mzee Zablon mwenyekiti amwambie, "Haya, tuonyeshe ukutani," na ukuta ubaki mweupe. Nataka niione sura hiyo. Naiota mchana.

Alinifutia salamu zangu, dada! Kazi yangu angeiiba tu, lakini kufuta hata shikamoo? Masolwa anasema babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Ujiji kupita Kwihara hadi pwani, na wapagazi wakikutana njiani walitua mizigo wasalimiane, mabega yakiwa yanavuja damu. Hilari hajabeba hata ndoo.

Masolwa sijamwambia mpango. Yeye ana roho nyeupe, atanisihi nitoe namba, na mimi nikitazamwa na yale macho nitatoa.

Wako,
Consolatha


Kanyenye, 20 Machi 2026

Conso,

Marahaba. Nimemwambia kwamba hukumbuki.

Mimi nipo. Kazi ipo. Kama utaona kuna sababu ya kutoa hizo namba kabla ya tarehe 30, usione aibu kuzitoa.

Recheli


Puge, 25 Machi 2026

Dada Recheli,

Shikamoo. Barua yako fupi kama risiti. "Usione aibu kuzitoa"? Aibu ya nini? Nani kakuandikisha maneno hayo, wewe uliyekuwa unaniambia nisiache kijiko kwa mwizi wa sahani? Kama Hilari amekupandisha cheo sema tu. Nitakuombea heri nikiwa huku, na daftari nitalilalia.

Nakupenda lakini nimekasirika.
Consolatha


Puge, 17 Aprili 2026

Dada,

Shikamoo.

Kumbe kampuni haikusubiri tarehe 30. Wameanza kuzima viungo vya zamani kwa saa kadhaa, kama kuwaonya wenye kulala. Jumanne kisima cha Puge kilishuka na ujumbe wa "zima pampu" haukuja. Masolwa alikuwa anangoja ujumbe, kama alivyozoea kwa mwaka mzima. Pampu ikavuta hewa. Nilimkuta ameketi kando yake, mikono inanuka plastiki iliyoungua, anafuta jasho kwa kofia. Aliiwahi kidogo tu kabla haijafa kabisa. Akaniambia, "Sijui nimekosea wapi, mke wangu. Labda sikuangalia simu vizuri." Ametumia siku mbili kufumua na kufunga, na siku hizo mbili akina mama wa Puge wamerudi kuchota bondeni. Mama mkwe naye, na goti lake linalouma.

Dada, mimi nilikuwa nimejua kuwa viungo vinakufa. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono unaonuka na sikusema neno. Nilitaka kumpiga Hilari, nimempiga mume wangu.

Lakini usidhani nimesamehe. Sasa ndiyo nimewaka. Kunyamaza ilikuwa silaha ya kijinga, inawaangukia watu wa chini. Nataka nyingine, itakayomwangukia yeye peke yake. Niambie njia mpya inafanyaje kazi. Niambie kila kitu, na uniambie pia kwa nini barua yako ya Machi ilikuwa fupi, maana nimeisoma tena na sasa naona kama mtu aliyeandika huku anatazama mlango.

Consolatha


Kanyenye, 21 Aprili 2026

Conso, mdogo wangu,

Pole. Mpe Masolwa pole yangu, usimwambie ya nini.

Nilificha. Tarehe 16 Machi Hilari alinipa barua yenye mhuri: nisipohamisha mfumo kabla ya tarehe 30, naacha kazi, na pampu yoyote ikiungua fundi wake ndiye atakayejibu. Sikukuambia kwa sababu ungezitoa namba kwa ajili yangu, ukabaki na kidonda chako. Nilitaka uamue mwenyewe. Nikakosea, maana sikujua kwamba fundi wa kwanza atakuwa wako.

Njia mpya nimejifunza, si ngumu. Lakini ina mambo mawili. Kwanza haikubali jina la kubandika. Chini ya kila ujumbe inaandika yenyewe jina la mwenye akaunti aliyeutengeneza, na huwezi kulifuta. Nilipomwambia Hilari hivyo, akasimama. "Liwe jina langu. Weka kwenye akaunti yangu, mimi mwenyewe. Sitaki jina la karani ukutani siku ya mkutano." Kwa hiyo vijiji vyote saba vitakuwa mikononi mwake peke yake. Mimi sitakuwa na ruhusa ya kugusa.

La pili: njia mpya inakubali masharti. Unaweza kuiambia, kabla ya tarehe fulani tuma maneno haya, baada yake tuma yale. Ile yako ya zamani haikuweza.

Nimekueleza tu. Sijasema kitu.

Recheli


Puge, 24 Aprili 2026

Dada yangu wa dhahabu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Hujasema kitu, na mimi nimekusikia vizuri sana. Anataka jina lake? Apewe.

Namba za vipimo vya vijiji saba nimezinakili nyuma ya karatasi hii. Zitumie zote, ziwe sahihi, pampu yoyote isiungue tena. Ujumbe wa vijiji sita uuandike wa kawaida. Wa kisima cha Puge, ule wa kuzima, usiuguse hata herufi, uwe wa kawaida milele. Ni ule wa tangi la Puge kufika nusu tu ndio naomba uuwekee sharti. Hadi tarehe 8 Mei useme kama kawaida. Kuanzia tarehe 9 useme hivi, usipunguze nukta:

"Shikamoo wanachama wote, na shikamoo Masolwa fundi wa Puge. Tangi la Puge limefika nusu, washa pampu. Mimi ni Hilari. Mfumo huu aliutengeneza Consolatha niliyemfukuza kwa kuolewa. Mimi siujui, hata ujumbe huu sijui kuufuta."

Kila neno ni kweli, dada. Nimemtungia maungamo kabla hajafika kitubioni.

Tangi hufika nusu saa ngapi, hiyo niachie mimi. Najua ukiogopa utakataa, na ukikataa nitakupenda vilevile.

Consolatha


Kanyenye, 29 Aprili 2026

Conso,

Nilikataa. Siku tatu nilikuwa nimekataa, barua yako imo ndani ya kitabu changu cha nyimbo cha Kimoraviani, nikawa naimba juu yake.

Leo Hilari aliweka neno lake la siri, akaketi pembeni yangu kusoma risala kwa sauti. Kila nilipomaliza kijiji nilimwambia, "Meneja, soma uhakiki." Kila mara akasema, "Weka tu, Recheli, kubali, kubali." Kijiji cha saba kilikuwa Puge. Nikamwambia, "Meneja, hiki soma." Naapa nilimwambia. Akasema, "We mama unapenda kuchelewesha watu." Akanyoosha mkono mwenyewe akabonyeza.

Kwa hiyo hilo si kosa langu. Nimelala kidogo mchana huu na nimelala vizuri.

Recheli


Mtendeni, 9 Mei 2026

Conso,

Nakuandikia nikiwa kwa mama yako hapa Mtendeni, maana sikuweza kungoja nifike nyumbani.

Ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Hilari amevaa suti ya kijivu, cheti amekitoa ukutani amekuja nacho chini ya kwapa. Kundi la mazungumzo limewashwa ukutani, kubwa kama shuka. Saa tano kasoro, ujumbe wa kijiji cha Isikizya ukaingia: tangi nusu, jina la Hilari chini. Watu wakapiga makofi. Akasema, "Mnaona? Sasa hata jina limejiandika lenyewe, kwa sababu mashine inamjua baba yake." Nakuapia, kasema hivyo.

Saa tano na dakika ishirini ikaingia Puge.

Mzee Zablon ndiye aliyeusoma kwa sauti, unajua haoni vizuri, akasoma taratibu neno kwa neno kama masomo ya Ijumaa Kuu. Alipofika "mimi siujui" watu wote wakageuka kumtazama meneja. Hilari akacheka, akasema ni adui. Mzee Zablon akasema, "Adui yupi? Jina ni lako. Umesema mashine inamjua baba yake."

"Nitaufuta."

"Ufute, tunangoja."

Akashika kompyuta. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akafungua picha za harusi ya mdogo wake, zikatokea ukutani. Akanigeukia: "Recheli, futa!" Nikasimama nikasema, "Shikamoo Meneja. Upo kwenye akaunti yako. Mimi ni karani, sina ruhusa."

Na hapo, Conso, wakati bado anahangaika, chini ya ujumbe wake ukutani likatokea jibu la mumeo:

"Marahaba, Meneja. Nimeona. Nawasha pampu."

Sijawahi kusikia ukumbi wa kanisa ukicheka vile. Mwanamke mmoja wa Igunga alikaa chini sakafuni. Meneja mzima ameamkia fundi na fundi ameitikia! Kura amepata tisa, kati ya mia mbili na kumi na nne. Cheti amekisahau kwenye kiti, nimekuletea, kipo hapa kwa mama yako.

Niambie, mlifanyaje tangi lifike nusu saa ile ile?

Recheli


Puge, 12 Mei 2026

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nimeketi, na nimelala chali.

Tulifua. Niliwaambia akina mama wa Puge hadithi nzima siku ya Alhamisi kwenye jumuiya. Jumamosi saa tatu wakaja wote bombani na mashuka, mapazia, mablanketi, magunia, mmoja alileta zulia la mwenyekiti wa kitongoji. Mama mkwe alifua sketi zake zote na goti lile. Tulikuwa tunaimba. Kamba za Puge nzima zilipeperusha nguo kama sikukuu ya kitaifa.

Masolwa alisoma ujumbe akajibu kwa adabu yake ya kila siku, kisha ndipo akausoma vizuri. Akaja na simu mkononi, akaangalia mashuka, akaniangalia mimi. "Consolatha. Umefulia kijiji kizima ili kumwangusha mtu?" Nikasema ndiyo. Nikamweleza na pampu, kwamba nilijua nikanyamaza. Hapo hakucheka. Alikwenda kwa mashine yake na hakurudi hadi chakula kikapoa. Aliporudi akasema, "La Hilari ni haki yake. La pampu ni langu na wewe, usinifiche tena." Nikalia, akanifuta kwa ile kofia. Bado inanuka plastiki. Siifui.

Mzee Zablon amepiga simu: nirudi kazini, nifanyie hapa hapa Puge. Nimekubali. Lakini akauliza kama naweza kumsaidia Hilari kufuta ujumbe, maana kila siku tangi likifika nusu unaingia upya, na mafundi wote saba sasa wanajibu "Marahaba, Meneja." Nikasema aniandikie mwenyewe.

Wako mwenye furaha mbili,
Consolatha


Kanyenye, 18 Mei 2026

Consolatha,

Nimeagizwa nikuandikie. Ujumbe wa Puge unaendelea kutumwa kwa jina langu kila siku. Hadi jana umetumwa mara tisa. Watoto wa Kanyenye wananiamkia barabarani kwa kejeli. Tafadhali nielekeze hatua za kuufuta kabla sijakabidhi ofisi tarehe 31.

Hilari
(Meneja anayemaliza muda)


Puge, 20 Mei 2026

Kaka Hilari,

Habari za huko? Natumaini u mzima. Sisi huku wazima, mume wangu mzima, pampu nzima, na mashuka yamekauka vizuri.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Anselm. Hatua za kufuta ni nne, ni nyepesi, na nitakuandikia zote. Ila barua uliyoleta haina salamu.

Anza upya.

Consolatha Masolwa
Mtengenezaji wa mfumo